Baba ameishi na kisukari tangu nikiwa mdogo, sasa daktari ananiambia huenda ni figo tu

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 28, kwetu Tanga, ila kwa sasa naishi Dar es Salaam kikazi. Nimechumbiwa, na familia zote mbili zimeanza kupanga harusi. Nakuandikia kwa sababu nimebeba jambo ambalo nikilisema naogopa litavunja nyumba yetu, na nikilinyamazia naogopa zaidi.

Miezi michache iliyopita kazini walitupeleka kupimwa afya. Nilipewa kikopo cha mkojo, muuguzi akachovya kijiti chake, na kile kisanduku cha sukari kikatoka rangi ya bahari kikawa kahawia palepale. Akanitazama usoni, akaniambia, "Dada, una sukari, tena nyingi." Niliketi nikalia. Kwetu neno hilo si geni, nimekua nalo. Lakini aliponichoma kidole, mashine ikasoma 4.9, sukari ya kawaida kabisa. Akadhani betri imekwisha, akachukua mashine nyingine, ikasoma 5.0. Mwenyewe akachanganyikiwa, akaniandikia niende hospitali.

Huko nilipimwa damu asubuhi kabla ya kula chochote, nikanyweshwa maji ya glukosi nikapimwa tena, na nikafanyiwa kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu. Vyote sawa kabisa. Mkojo wa siku hiyohiyo, sukari tele. Daktari akapima na kreatinini, protini, fosfati na vingine nisivyovijua, navyo vikawa sawa. Akaniambia sina kisukari. Ni kwamba figo zangu hazirudishi sukari yote mwilini, baadhi inavuja kwenye mkojo, na inaelekea nimezaliwa hivyo. Halafu akaniuliza, "Nyumbani kwenu kuna mwingine aliyewahi kuambiwa ana sukari kwenye mkojo?"

Mama, hapo ndipo nilipopata baridi. Baba yangu.

Baba ana miaka 63. Mwaka 1999 sisimizi walianza kujaa uani, pale alipozoea kujisaidia usiku. Watu wazima wakasema hiyo ni sukari. Akaenda zahanati, wakampima mkojo, wakamwambia ana kisukari. Kwa jinsi ninavyojua mimi, damu hajawahi kupimwa hata mara moja. Kuanzia siku hiyo nyumba yetu iligeuka. Chai bila sukari kwa wote, ili baba asitamani. Halua hatukuiona ndani hata siku ya Idi. Shamba letu la michungwa kule Muheza liliuzwa kumlipa mganga wa mitishamba. Kaka yangu mkubwa alipata nafasi ya chuo, akasoma mwaka mmoja, akarudi Tanga kwa sababu baba ni mgonjwa na mimi ni mtoto wa kike bado mdogo. Hakurudi tena chuoni. Sasa ana bodaboda.

Baba hakuwahi kupata kidonda, macho yake mazima, miguu yake mizima. Yeye anasema ni kwa sababu ya nidhamu yake, na mtaa mzima unamsifu. Msikitini wenye kisukari wenzake wanamfuata awafundishe kula. Ndiyo heshima yake aliyobaki nayo tangu astaafu.

Miaka michache iliyopita alipimwa mkojo tena kwenye zahanati nyingine, wakampa vidonge vya glibenklamidi. Kimoja kila asubuhi, mama anamnunulia duka la dawa, na akifunga anakimeza wakati wa daku. Ramadhani iliyopita nilikuwa nyumbani. Ikifika alasiri baba anaanza kutokwa jasho, mikono inatetemeka, anakuwa mkali hata kwa wajukuu, mara nyingine anaongea maneno hayaeleweki. Wanasema sukari imepanda. Anakataa kupelekwa popote. Magharibi ikiingia anakula tende na kunywa uji wa tamu kidogo kwa ajili ya futari, na baada ya muda anakuwa mzima, anacheka. Anasema futari inamshusha sukari.

Sasa mama, nifanyeje? Nikimwambia baba kwamba huenda hakuwahi kuumwa, nitakuwa nimemwambia kwamba shamba liliuzwa bure, kaka aliacha chuo bure, na watu msikitini anawafundisha ugonjwa asio nao. Kaka akisikia sijui atafanya nini. Nikinyamaza, anaendelea kumeza vidonge. Na upande wa mchumba wangu, mama yake ameshauliza mara mbili kama "ukoo wenu una sukari". Mchumba mwenyewe hajui lolote kuhusu figo zangu mbovu. Nisubiri harusi ipite ndipo nizungumze?

Ni mimi, Niliyekwama, Tanga.

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma, nikairudia, na nimeona ina mambo matatu yaliyofungwa fundo moja: mwili wako, mwili wa baba, na historia ya nyumba yenu. Wewe umeyaandika kama jambo moja, kwamba "niseme au nisiseme". Mimi ningependa tuyafungue kila moja peke yake, kwa sababu mojawapo haliwezi kusubiri kama mengine.

Nianze na hilo. Umeandika kwamba baba akifunga, alasiri anatokwa jasho, anatetemeka, anakuwa mkali na kuchanganya maneno, kisha akila tende na uji anapata nafuu. Soma tena sentensi hiyo mwenyewe. Tende na uji wa tamu haziwezi kumshusha mtu sukari, zinampandisha. Mtu anayetetemeka kwa njaa akapona kwa kitu kitamu, cha kwanza kumfikiria ni kwamba sukari yake ilikuwa imeshuka mno. Na glibenklamidi ndiyo kazi yake: inaisukuma kongosho itoe insulini, ile inayoshusha sukari ya damu, chakula kiwepo au kisiwepo, na nguvu yake hukaa mwilini karibu siku nzima. Akiimeza daku na kukaa na njaa mpaka magharibi, ina muda wa kutosha kumwangusha. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inatahadharisha kwamba dawa hiyo haifai kwa waliovuka miaka 60, na baba yako ana 63.

Mimi simwoni baba, siwezi kusema kwa hakika kinachomsibu. Lakini hata kama ana kisukari cha kweli kabisa, dalili hizo zinatosha kumfikisha kwa daktari wiki hii, si baada ya harusi. Na hili linawezekana bila kugusa habari ya shamba wala chuo cha kaka. Mwambie mama na kaka jambo moja tu: baba akitetemeka tena, apimwe kidole palepale, kabla ya kubishana kama imepanda au imeshuka. Mashine ikisoma chini ya 3.9, au ikiwa mashine haipo karibu, apewe chai yenye vijiko vitatu vinne vya sukari au soda ya kawaida, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali. Nakuomba pia usimwachishe vidonge wewe mwenyewe kwa simu kutoka Dar es Salaam. Hilo liamuliwe na daktari mwenye vipimo vya damu mkononi, lakini liamuliwe mapema, na kwa sasa asifunge akiwa ndani ya dawa hiyo kabla hajaonwa.

Baada ya hapo tunaweza kuzungumza taratibu.

Umeandika "figo zangu mbovu". Nina shaka kama daktari alitumia neno hilo, na ningependa uliweke chini.

Wengi wetu tunadhani figo inatafuta uchafu kwenye damu na kuutupa. Inafanya kinyume. Sisi tukichagua mchele tunaokota mawe na kuacha mchele kwenye ungo; figo inamwaga vyote, kisha inaokota mchele na kuurudisha, mawe yanaondoka na maji. Kwa siku moja figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji, na mkojo tunaotoa ni kama lita moja na nusu tu. Zilizobaki zote zimerudishwa ndani. Katika lita hizo 180 hupita gramu 160 hadi 180 za sukari kila siku, na mtu wa kawaida huirudisha karibu yote, hata kijiti cha muuguzi hakioni kitu.

Kazi hiyo inafanyika mwanzoni kabisa mwa mirija midogo inayopokea majimaji yaliyochujwa. Kwenye kuta zake kuna protini za kubeba sukari. Mkubwa wao anaitwa SGLT2, yeye peke yake huokota kama asilimia 90. Mbele kidogo yuko SGLT1, anaokota iliyobaki. Kinachonishangaza mimi hadi leo ni kwamba wabebaji hawa hawana nguvu yao wenyewe. Upande wa pili wa seli kuna pampu inayoitoa sodiamu nje usiku na mchana, hiyohiyo sodiamu iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Ndani ya seli sodiamu inakuwa chache, kwa hiyo ile iliyo kwenye mrija inavutwa kuingia, na inapoingia inaikokota sukari. Kisha sukari inatokea upande wa damu kwa mlango mwingine uitwao GLUT2. Ndiyo maana figo ni kiungo chenye njaa kubwa ya oksijeni: kuokota huko kunagharimu.

Wabebaji hawa wana kikomo. Sukari ya damu ikifika karibu 10, kwa hesabu ya mashine zetu hizi za kidole, baadhi ya mirija huanza kuzidiwa na sukari inapita kwenda kwenye mkojo. Kwa mwenye kisukari hilo ndilo linalotokea, damu imejaa kupita uwezo wa kuokota. Kwako damu ni 4.9, haijakaribia kikomo hata kidogo, ila waokotaji wako ni wachache au hawakamati vizuri. Mara nyingi chanzo ni mabadiliko kwenye jeni iitwayo SLC5A2, ambayo ndiyo inayotoa maelekezo ya kutengeneza SGLT2. Aliyerithi mabadiliko hayo kwa mzazi mmoja kwa kawaida hupoteza gramu chache kwa siku. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili anaweza kupoteza makumi ya gramu, hata zaidi ya 100. Na wengi wao huishi maisha yao yote bila kuugua kwa sababu hiyo.

Daktari wako alifanya vizuri kupima fosfati na protini. Kuna hali nyingine ambayo mirija inaharibika na kuachia vitu vingi kwa pamoja, sukari ikiwa kimojawapo tu, na hiyo ndiyo ya kuogopa. Inaweza kuletwa na magonjwa ya kurithi au na baadhi ya dawa, kwa mfano tenofoviri, dawa ya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, kwa wachache wanaoitumia. Wewe umepimwa, haikuonekana. Kwa hiyo kinachovuja ni sukari peke yake.

Ngoja nikwambie na hili, nadhani litakufaa siku ukizungumza na mchumba. Mwaka 1835 watafiti wa Ulaya walitenga kitu kichungu kutoka kwenye gome la mtufaha, wakakiita florizini. Mwaka 1886 Mjerumani Joseph von Mering alionyesha kwamba mnyama akipewa florizini, sukari inamwagika kwenye mkojo. Ilichukua muda mrefu kufahamika kwamba inawazuia wabebaji haohao. Leo kuna dawa zilizotokana na wazo hilo, dapagliflozini na wenzake, zilizoanza kuruhusiwa Ulaya mwaka 2012. Zinamzuia SGLT2 makusudi, ili mwenye kisukari akojoe sukari iliyozidi. Na utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wagonjwa wa figo waliopewa dapagliflozini, wenye kisukari na wasio nacho, figo zao zilichelewa kuchakaa kuliko za wale ambao hawakupewa. Yaani kile ambacho mwili wako unakifanya tangu kuzaliwa, madaktari wanakifanya kwa vidonge ili kuwasaidia watu. Sisemi kwamba umelindwa, wewe si dawa. Nasema tu kwamba kuvuja kwa sukari kwenyewe hakuli figo. Yapo ya kuangalia: fangasi sehemu za siri hupenda mkojo wenye sukari, na ni busara usikae na njaa ya siku nyingi kwa ajili ya kupunguza uzito wa harusi.

Sasa tuje kwa baba.

Umeandika kana kwamba daktari alisema baba hakuwahi kuwa na kisukari. Kwa jinsi ulivyomnukuu, aliuliza swali tu. Mimi naona mambo matatu yanayowezekana. Baba anaweza kuwa na figo kama zako na damu safi. Anaweza kuwa na kisukari halisi, na figo zako ukawa umezirithi kwa mama ambaye hakuna aliyewahi kumpima. Na anaweza kuwa na vyote viwili, maana figo inayovuja haimkingi mtu asipate kisukari akizeeka. Katika hali hiyo ya tatu kipimo cha mkojo hakina maana yoyote tena, kwa sababu kitasema ndiyo leo, kesho na keshokutwa.

Kipimo alichofanyiwa mwaka 1999 huenda nakifahamu, kama zahanati yao ilikuwa kama nyingi za wakati huo, kwa sababu kabla ya safu hii nilikuwa muuguzi. Mililita tano za maji ya Benedict, buluu kama wino. Matone manane ya mkojo. Unashika mrija wa kioo kwa kibanio juu ya taa ya spiriti, unachemsha huku ukiutikisa usije ukakurukia usoni. Buluu ikibaki, hakuna kitu. Ikienda kijani, njano, rangi ya chungwa, mpaka nyekundu ya tofali, unaandika idadi ya alama za kujumlisha. Zahanati nyingi hazikuwa na kifaa kingine, na waliomwambia baba ana kisukari walisema kile ambacho rangi iliwaonyesha. Sisimizi nao waliona sukari ya kweli. Hakuna aliyemdanganya. Kilichokosekana ni swali la pili, lile la damu, na bado linaweza kuulizwa.

Hapo ndipo ninapotaka kukuuliza kwa upole: una hakika kwamba habari hii itamvunja baba? Unamfahamu kuliko mimi. Lakini mtu ambaye kwa zaidi ya miaka 20 amekula kwa mpangilio, hakulewa sukari, hakunenepa, ameishi namna ambayo daktari yeyote angemwomba aishi. Ikiwa ukoo wenu una mwelekeo wa kisukari, huenda nidhamu hiyo ndiyo iliyokizuia kuja. Wale anaowafundisha msikitini hawafundishi uongo. Ugali wa dona, mboga, kutembea, kuacha soda, hayo yanawafaa wao vilevile. Cha kuangalia ni kimoja, asije akawa anawaambia wamenyane na tetemeko la alasiri kama anavyofanya yeye.

Kuhusu kaka, nakiri hili ni zito na sina maneno mepesi. Ulivyoandika "aliacha chuo bure", ni neno lako au ni neno lake? Labda ana uchungu huo tayari, labda hana. Wapo waliorudi nyumbani kwa ajili ya mzazi na wakawa na sababu nyingine ambazo hawakuzisema. Ningependa asikie kutoka kwako, ana kwa ana, mapema, badala ya kuokota maneno kwa majirani. Unaweza kumweleza habari zako kwanza, za kijiti na mashine mbili. Yeye naye ni mtoto wa baba yule, na mkojo wake haujulikani.

Njia ziko kadhaa, nitakwambia ninavyoziona.

Kunyamaza mpaka harusi ipite kuna utulivu wake, sikatai. Hasara yake nimeshaieleza: ule mtetemeko hausubiri kadi za mwaliko.

Kumwambia baba moja kwa moja, "baba huna kisukari", ni kumpa hukumu ambayo hakuna kipimo kilichoitoa. Nimewaona wazee waliosikia neno kama hilo, wakatupa dawa jalalani na kurudia halua kwa hasira ya miaka yote. Ikiwa ana kisukari kweli, utakuwa umemfungulia mlango mbaya.

Ipo njia ya katikati, nayo haina uongo ndani yake. Daktari wako alikuuliza habari za ukoo. Unaweza kumwendea baba kama binti mwenye shida yake: "Baba, nimepimwa, mkojo wangu una sukari, damu haina. Daktari anataka kujua kama nimerithi kwako au kwa mama. Nisaidie upimwe damu." Baba anayekataa kupimwa kwa ajili ya nafsi yake anaweza akakubali kwa ajili ya mtoto anayeolewa. Apimwe asubuhi kabla ya kula, na kile cha wastani wa miezi. Kama kwenu kuna selimundu, au baba ana upungufu wa damu, mwambieni daktari mapema, maana kipimo cha wastani huweza kudanganya. Wamwambie pia daktari kwamba anatumia glibenklamidi, kwa sababu damu nzuri ya mtu aliye kwenye dawa haimalizi swali. Hatari ya njia hii ni kwamba baba si mtoto. Anaweza akaunganisha mambo mwenyewe njiani kurudi nyumbani, na akakuuliza, "Ulikuwa unajua?" Uwe na jibu la kweli tayari.

Na yawezekana majibu yakaja kwamba ana kisukari halisi. Utajisikiaje? Naomba ujiulize kabla, kwa sababu kwenye barua yako nimesikia pia tumaini kwamba hakuwahi kuumwa, na tumaini hilo likianguka nawe utahitaji mtu wa kukushika mkono.

Mwisho ni mama wa mchumba wako na swali lake. Anauliza kuhusu ugonjwa ambao wewe huna. Ukimjibu "hapana" utakuwa mkweli kwa upande wako, na kuhusu baba hakuna anayejua bado. Lakini mchumba mwenyewe ni habari nyingine. Utamficha mpaka lini? Siku ukipata ujauzito, kliniki watachovya kijiti kila hudhurio, na kitakuwa kahawia kila mara. Hata wajawazito wasio na hali yako sukari huweza kuonekana kwenye mkojo, kwa sababu uchujaji wa figo huongezeka kwa kama nusu zaidi wakati wa mimba. Wewe itakuwa zaidi. Usipowaeleza, unaweza kuwekwa kwenye dawa usiyoihitaji. Nao wakizoea kwamba "huyu ni kawaida yake", kisukari cha mimba kikija kweli kinaweza kupita bila kuonekana. Omba daktari akuandikie barua fupi yenye matokeo yako yote, uitunze pamoja na vyeti vyako, na kwenye kliniki uombe kipimo cha damu cha kunywa gramu 75 za glukosi muda wake ukifika. Kama mume atajua tangu sasa barua hiyo iko wapi na inasema nini, au atakuja kuijua kwenye foleni ya kliniki, hilo nakuachia wewe uliamue. Yeye unamjua, mimi simjui.

Niandikie tena baada ya baba kupimwa, majibu yawe vyovyote yatakavyokuwa.